Pete Iliyokwenda na Maranda

Springi ya kalamu ina urefu wa sentimita mbili na nusu na tabia za panzi. Ikiponyoka vidoleni haianguki. Inaruka, na inaruka upande ambao fundi hatazami. Justa Machibya ametengeneza kalamu za mti na za pembe za ng'ombe kwa miaka tisa, katika chumba kimoja kando ya barabara ya vumbi inayotoka Kisesa kwenda Bujora, na anasema springi zilizompotea zingetosha godoro la mtoto.

Kwa hiyo ana taratibu zake. Kitu kikianguka, hasogei. Hasemi neno wala hamgeukii anayemsemesha, anasikiliza. Shaba ikigonga saruji hulia kwa namna moja, chuma kwa namna nyingine. Kitu kikianguka bila kulia, kimeangukia kwenye maranda ya mti, na hapo ndipo kazi ilipo. Anavua kandambili, anakung'uta aproni, anapapasa upindo wa suruali, anapitisha vidole kwenye nywele. Kisha analaza tochi sakafuni, ili kila kilichoinuka hata kwa milimita moja kitupe kivuli kirefu, naye analala kifudifudi kutazama vivuli. Mteja mmoja aliyemkuta katika hali hiyo alikimbia kuita watu wa zahanati.

Kanuni iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba sakafu haifagiwi mpaka kila kipande cha mteja kionekane kwa macho mahali pake. Mahali pake ni kifuniko cha bakuli la sukari, kilichogeuzwa juu chini kwenye meza ya kazi. Kanuni hiyo ilidumu miaka tisa. Ilivunjwa siku moja ya Alhamisi, na aliyeivunja ni Justa mwenyewe, kwa sababu ya adabu.

Wiki hiyo alikuwa na kazi ya Mama Jasuben. Jasuben ni mjane wa miaka sabini na minane, mwenye duka la madaftari na vifaa vya shule katikati ya mji wa Mwanza, alilolianzisha na marehemu mumewe, Anil. Sasa duka lilikuwa linakwenda kwa mjukuu wao, Arjun, mtu mzima wa miaka thelathini na minne. Jumamosi saa nne asubuhi wakili angefika na karatasi, bibi na mjukuu watie saini, na Jasuben alitaka saini hizo zitiwe kwa kalamu moja, ambayo baadaye ingebaki kwa Arjun.

Alikuwa amemletea Justa vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa kipande cha mvule kilichokatwa kwenye kaunta ya zamani ya duka, kimelainika kwa viwiko vya wateja wa nusu karne. Cha pili kilikuwa ndani ya sanduku la kiberiti: pete ya fedha, nyembamba kama uzi wa kiatu, iliyobaki kutoka kwenye kalamu ya wino aliyoitumia Anil kwa miaka arobaini mpaka ikapasuka. Upande mmoja ilichongwa herufi A. Upande wa pili ilibonyea kidogo.

"Hapa," alisema Jasuben, akiweka ukucha kwenye hilo bonde, "aliigonga kwenye mlango wa sefu mwaka wa sabini na tisa. Alilalamika mpaka wa themanini."

"Nimepaona, mama."

"Usipanyooshe."

"Sipanyooshi."

"Mafundi mnapenda kunyoosha."

Pete hiyo ilipaswa kukaa katikati ya kalamu, pale ambapo nusu mbili za mti hukutana. Bila pete, kalamu ingekuwa na pengo ambalo hata asiye fundi angeliona.

Alhamisi asubuhi Justa alikuwa amemaliza kukereza nusu zote mbili kwenye mashine na kuzipiga msasa. Pete alikuwa ameisugua kwa dawa ya meno na kuiweka kwenye kifuniko. Maranda yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Kama saa tano hivi gari jeupe lilisimama nje, na kupitia dirishani akamwona Arjun anazunguka kumfungulia bibi yake mlango. Walikuwa safarini kwenda Magu, kuaga shule walizoziuzia madaftari miaka mingi, na Jasuben alikuwa ameamua kupita kuangalia kazi.

Justa alilelewa na mama aliyeamini kwamba mgeni akikuta uchafu huondoka nao mdomoni, akaupeleke kila nyumba. Mkono ulikamata ufagio bila kuuliza ruhusa. Katika muda ambao mwanamke wa miaka sabini na minane hupanda ngazi mbili, kifuniko cha sukari kilihamishiwa dirishani, meza ikapanguswa, sakafu ikafagiwa, maranda yakaingia guniani na gunia likasukumwa nje kwa mlango wa nyuma. Hakuna kilicholia.

"Hodi."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kumbe pasafi," alisema Jasuben, kwa sauti ya mtu aliyetegemea kinyume.

Aliketi. Alizishika nusu mbili za mvule, akazinusa, akampa Arjun naye azinuse. Arjun akanusa, akasema ni mti.

"Na pete?" aliuliza Jasuben.

"Ipo," alijibu Justa.

Alijibu haraka na kwa moyo mweupe. Jibu halikuwa kweli. Walipoondoka, baada ya robo saa, alikwenda dirishani kuchukua kifuniko na kukuta ni kifuniko kitupu.

Akasimama bila kusogea, kama inavyotakiwa. Akavua kandambili, akakung'uta aproni, akapapasa upindo, akapitisha vidole kwenye nywele. Akalaza tochi, naye akalala. Sakafu ilikuwa safi kuliko ilivyowahi kuwa tangu amwage saruji. Hapakuwa na kivuli hata kimoja.

Akaenda mlango wa nyuma. Gunia halikuwepo.

Jirani yake wa nyuma ni Teodora, mkunga mstaafu anayefuga kuku wa kienyeji wapatao arobaini. Maranda ya Justa hutandikwa kwenye banda lake. Makubaliano hayo hayajawahi kusemwa kwa mdomo: gunia likionekana nje ya mlango wa nyuma, limeshakuwa la Teodora. Siku hiyo Teodora alikuwa amesikia sauti za wageni ndani, na kwa kuwa naye ana adabu zake, alilichukua kimyakimya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona peku?"

Justa alitazama miguu yake. "Maranda ya leo yako wapi?"

"Nimeshamwaga. Kuku wameshapokea."

Justa akaeleza. Teodora alisikiliza kama alivyozoea kuwasikiliza wajawazito, bila kushtuka na bila kuahidi. Kisha akaingia ndani, akatoka na nyungo mbili.

Walikokota maranda yote nje ya banda na kuanza kupeta, kama wanavyopeta mchele wanawake wa Magu: unarusha, upepo unachukua kilicho chepesi, kizito kinarudi kwenye ungo. Kuku walisimama pembeni wakitazama kitanda chao kinarushwa. Hadi saa tisa alasiri yadi nzima ilikuwa ya rangi ya mvule, na kwenye kipande cha kanga kulikuwa na springi tatu, skrubu moja, ncha ya kalamu ya wino, na bushi ya shaba.

"Hii bushi niliitafuta siku mbili mwezi wa kwanza," alisema Justa.

"Ungewauliza kuku."

Pete haikuwepo. Teodora aliweka ungo chini, akawageukia kuku wake, na kuwatazama mmoja mmoja.

"Imeliwa," alisema.

Kuku hana meno. Humeza vijiwe ili vimsagie chakula ndani ya firigisi, na kwa macho yake kinachong'aa ni kijiwe bora. Teodora alisema waliokuwa wa kwanza kukimbilia gunia lilipomwagwa walikuwa watatu: jogoo mwekundu, tetea mweusi, na tetea wa madoadoa. Juu ya huyo wa madoadoa alikuwa na neno zaidi. Mwaka jana mkwewe alipoteza hereni ya sikio moja uani, na kuku huyo ndiye aliyekuwa karibu.

"Ilipatikana?"

"Haikupatikana. Wala yeye hakukiri."

"Tusubiri, labda atainya."

"Kijiwe hakitoki leo wala kesho. Kinakaa humo kinasagwa. Ukisubiri mwezi utapata pete, ila herufi utaisoma kwa kukumbuka."

Hata hivyo walijaribu. Kuku watatu walifungiwa kwenye kibanda chenye sakafu ya saruji, na Ijumaa asubuhi yote Justa alikagua kilichotoka, kwa kijiti, kwa uangalifu uleule anaokagulia mng'aro wa kalamu. Kulikuwa na kila kitu ambacho mtu angetarajia.

"Nenda kwa sonara mjini," alisema Teodora. "Fedha ni fedha. Akuchongee nyingine."

"Ina bonde."

"Naye atie bonde."

"Bonde lile analijua kwa ukucha, mama. Mtu aliyesikia malalamiko ya bonde mwaka mzima huwezi kumpa bonde jingine."

Teodora alikuwa na mume, na alielewa.

Suala lililobaki lilikuwa kuku gani, na halikuwa dogo. Teodora alikataa katakata kuchinja watatu. Kuku si droo za kabati, alisema, kwamba utavuta hii, ukikosa uvute ile. Angetoa mmoja tu, Justa amlipe, na kama hakuna kitu, basi hakuna kitu. Justa alitazama kibanda. Jogoo alikuwa anawika. Mweusi alikuwa amelala. Wa madoadoa alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, akiitazama kabisa klipu ya kalamu iliyochomoza kwenye mfuko wa aproni.

"Huyo," alisema Justa.

Sasa akaja Mzee Ngosha, mume wa Teodora, ambaye kwa siku mbili hakuwa amehusika na jambo lolote. Alikuwa amesikia kwamba kuna kuku anachinjwa. Firigisi ni ya mwenye nyumba, na Kisesa hilo halijadiliwi; mkwe aliyewahi kumpikia mzee kuku asionekane na firigisi alirudishwa jikoni akaitafute. Mzee hakupinga firigisi ipasuliwe. Alitaka tu ipasuliwe upande mmoja, kwa mstari ulionyooka, na isikatwe vipande.

"Wewe ni fundi," alimwambia Justa. "Nategemea kazi ya fundi."

Akavuta kiti, akakaa karibu ahakikishe.

Justa alipasua kwa kisu chake cha karakana, kwa mstari ulionyooka. Ndani kulikuwa na changarawe, mahindi yaliyosagika nusu, ushanga mmoja wa kijani, na pete ya fedha. Hereni haikuwemo, na Teodora alisema kwa sauti ya chini kwamba basi alimsingizia. Pete ilikuwa imepoteza mng'aro wote na kujaa mikwaruzo myembamba, lakini herufi A ilisomeka na bonde lilikuwa mahali pake.

Mzee Ngosha alipokea firigisi yake, ikachomwa kwa chumvi. Baadaye alisema ilikuwa firigisi ya kawaida.

Justa aliisafisha pete kwa sabuni, akaichemsha, akailoweka kwenye spiriti, akaisafisha tena. Hakuisugua sana, maana kila msuguo ungekula herufi. Alikuwa anaikausha kwa kitambaa, kwenye kibaraza cha Teodora, wakati Teodora alipouliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza kwa siku mbili.

"Huyu Mama Jasuben si ndiye yule asiyekula nyama?"

Justa akaacha kukausha.

Ndiye. Nyumbani kwa Jasuben haliingii hata yai. Mjini inasimuliwa kwamba aliwahi kurudisha shehena nzima ya rula kwa sababu makasha yake yalisafiri pamoja na magunia ya dagaa. Na sasa pete ya mume wake ilikuwa imetolewa kwenye firigisi ya kuku aliyechinjwa kwa ajili hiyo tu.

"Kuku ameliwa," alisema Teodora. "Pete imeoshwa mara tatu. Kilichobaki ni mdomo, na mdomo ni wako. Ufunge."

"Nimeshamwambia 'ipo' mara moja."

"Na sasa si ipo?"

Justa alirudi karakana, akatandaza shuka sakafuni, akafunga mlango kwa komeo, na kuiunganisha kalamu. Pete iliingia mahali pake kwa mkandamizo mmoja wa jiliwa. Pengo halikuonekana. Ilikuwa, kwa maoni yake, kalamu bora kuliko zote alizowahi kutengeneza, na hakuwa na uhakika kama mwenyewe angekubali kuigusa.

Jumamosi saa nne kasoro alikuwa dukani. Wakili alikuwa ameshafika, mtu mnene mwenye faili la kijani, na karatasi zilikuwa zimetandazwa juu ya kaunta mpya ya kioo. Arjun alikuwa amevaa suti. Jasuben alinyoosha mkono kabla hata ya salamu kuisha.

"Lete nione."

"Mama," alisema Justa, "kabla hujaishika."

Akasimulia. Alisimulia kwa mpangilio: ufagio, kifuniko, gunia, nyungo, kuku, firigisi. Hakuongeza sifa wala samahani katikati. Samahani aliiweka mwishoni, moja. Mahali fulani baada ya nyungo wakili alifunga faili. Kwenye firigisi akalifungua tena, akajifanya anasoma.

Mkono wa Jasuben ulirudi taratibu na kukaa juu ya sari.

"Huyo kuku alikuwa achinjwe hata hivyo?"

"Hapana, mama. Alichinjwa kwa ajili ya pete."

"Na Alhamisi ukaniambia ipo."

"Nilidhani ipo. Haikuwepo."

"Ungenyamaza leo, ningejuaje?"

"Usingejua."

"Sasa?"

"Ungeishika," alisema Justa.

Nje muuza maji alipita akipiga kelele za maji baridi. Hakuna aliyenunua. Jasuben alikuwa anakitazama kifuko cha kitambaa chenye kalamu, na Justa alikuwa anaupima mwendo kutoka kaunta mpaka mlangoni.

"Ijumaa," alisema Jasuben hatimaye, "Anil alikuwa anakwenda kukusanya oda za shule za Magu. Kila Ijumaa, miaka thelathini na moja. Akipitia Kisesa."

"Ndiyo, mama."

"Nilikuwa namfungia chakula. Alikuwa anarudi na kikopo kitupu, anatafuna karafuu. Namuuliza, Anil, mbona karafuu? Ananiambia tumbo. Miaka thelathini na moja, tumbo linauma Ijumaa tu."

Wakili alikohoa.

"Palikuwa na mama mmoja pale stendi ya Kisesa, anachoma kuku kwa limau na pilipili. Nilimjua mpaka jina. Alipofariki nilipeleka rambirambi."

"Babu?" alisema Arjun. "Babu alikuwa anakula kuku?"

"Babu. Na wewe usinitolee macho. Hizo karafuu kwenye gari lako ni za tumbo gani?"

Arjun akaanza kutazama viatu vyake, vilivyokuwa vipya na vyenye mengi ya kutazamwa.

"Hiyo pete imeshakaa na kuku wengi kuliko wewe, fundi," alisema Jasuben. "Ulikosea kufagia. Ulikosea kusema ipo. Kuku ndiye hakukosea chochote, na yeye ndiye aliyekufa. Hilo nitalisemea nikiwa peke yangu." Akanyoosha kidole kuelekea mjukuu wake. "Mimi siishiki. Mpe huyo. Ni mtu wa babu yake."

Akaagiza kalamu iwekwe kwanza juu ya kioo. Akavaa miwani, akaweka mikono nyuma na kuinama juu yake, kama mtu anayesoma tangazo lililobandikwa ukutani. Alichukua muda. Aliomba igeuzwe, Arjun akaigeuza. Akatazama A, akatazama bonde.

"Hukunyoosha."

"Sikunyoosha, mama."

"Mti umeufanyia kazi nzuri," alisema, na kuhusu pete hakusema kitu.

Arjun alitia saini kwa kalamu ya mvule. Jasuben alivuta kalamu ya bluu kutoka kwenye pakiti ya dukani, akaijaribu pembeni mwa gazeti. Haikuandika. Akaitupa kwenye ndoo ya taka, akavuta nyingine, hiyo ikaandika, akatia saini yake kwa herufi kubwa zilizosimama wima, kurasa zote nne. Alipomaliza, kaunta, madaftari na chumba cha nyuma vilikuwa vya mtu mwingine. Akairudisha kalamu ya bluu kwenye pakiti yake.

Wakili alipaswa kusaini kama shahidi. Akaomba kalamu, Arjun akampa ile ya mvule, akasaini, akapuliza wino, akapanga karatasi, na kwa mazoea ya kazi yake akaichomeka kalamu kwenye mfuko wa shati.

"Wakili," alisema Jasuben.

Akaitoa.